Mfupa unabana kwa mbele, kwa nini wapasue kwa nyuma?

Bint Gando (mwenye swali)

Assalaamu alaykum. Naandika kutoka Wete kwa ajili ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, ambaye amekaa na baridi yabisi ya viungo kwa zaidi ya miaka ishirini. Vidole vyake vimepinda siku nyingi, lakini hata hivyo alikuwa akishona kofia za kiua, na pesa za kofia hizo ndizo zilizotusomesha mimi na mdogo wangu. Mwaka jana alianza kusema kwamba haihisi sindano mkononi. Nilidhani ni yale yale maradhi ya viungo, mpaka siku moja nilipomkuta barazani, kofia iko mapajani, sindano imemchoma kidole cha shahada na damu imeshaingia kwenye kitambaa cheupe, naye hana habari, anaendelea kutafuta kitobo cha kupitisha uzi.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Kisogo kinamuuma na maumivu yanapanda hadi utosini, anapaliwa kila anapokunywa maji, sauti imekwaruza, na mwendo wake umekuwa wa kukaza miguu kama mtu anayepita kwenye matope yanayoteleza. Akiinamisha kichwa, anasema hupita kitu mfano wa umeme kutoka shingoni hadi miguuni. Tulimpeleka kwa mkandaji, na hili naliandika kwa uchungu, maana alipoivuta shingo na kuizungusha, mama alipiga ukelele na mikono yote miwili ikafa ganzi mpaka alasiri. Kituo kimoja cha afya tulichokwenda mara tatu walimpa dawa za maumivu na kutuambia kuwa ni utu uzima.

Hatimaye alipigwa picha ya MRI Unguja. Ripoti inasema kijino cha pingili ya pili ya shingo kimepanda hadi kwenye tundu la chini ya fuvu, kwamba nyuma yake kumeota kinyama, na kwamba shina la ubongo limebanwa kwa mbele. Daktari bingwa ameshauri operesheni ya kupasua kisogoni, kuingiza skrubu na vyuma, na kuliunganisha fuvu na pingili za juu za shingo. Hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa. Ikiwa kinachobana kiko mbele, kwa nini wapasue nyuma? Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam amesikia kwamba mfupa wa aina hiyo huondolewa kupitia mdomoni. Nilipata dakika chache tu na daktari na sikuwahi kuuliza. Tumepewa wiki mbili za kuamua. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe kwa maneno ninayoweza kumfikishia mama, kwa sababu yeye ndiye atakayetia saini, na amekataa kutia saini jambo asilolifahamu.

Mwana wa Makunduchi

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Mimi si daktari, ila nimepita karibu na njia hiyo. Nilifanyiwa operesheni ya kisogoni nikiwa na miaka 34 kwa sababu ya shina la ubongo kubanwa. Dalili zangu zilifanana na za mama yako: kichwa cha nyuma kinapasuka nikikohoa au nikipiga chafya, na mkono wa kushoto hauhisi maji ya moto. Niliwahi kuungua kwa sufuria nikasikia harufu kabla ya kusikia maumivu.

Mimi waliniondolea kipande cha mfupa wa kisogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, pamoja na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza, wakaufungua utando mgumu unaofunika ubongo na kuushonea kiraka ili pawe na nafasi. Sikuwekewa skrubu hata moja, na shingo yangu inageuka kama zamani. Kwa hiyo mimi ningekushauri umuulize daktari kwa nini anataka kuweka vyuma, ikiwa inawezekana kupanua nafasi tu na kufunga.

Daktari wa Kikwajuni

Bint Gando, swali lako ni la msingi, na si wewe peke yako unayeliuliza. Madaktari wanafunzi huuliza hivyo hivyo wanapoiona picha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji wa ubongo kwa miaka kadhaa, lakini sijaziona picha za mama, kwa hiyo yale nitakayoyaeleza ni namna tatizo lenyewe linavyokwenda, na uamuzi unabaki kwa daktari aliyempima.

Nianze na maumbile. Pingili ya kwanza ya shingo ni pete, na fuvu limeikalia juu. Pingili ya pili ina mfupa uliosimama wima mfano wa kidole, ndio huo kijino, unaoingia ndani ya pete hiyo kwa upande wa mbele na kushikiliwa na kano imara inayopita nyuma yake. Mwambie mama aufikirie mlingoti wa dau uliofungwa kwa kamba kwenye boriti. Kamba ikiwa nzima, mlingoti hautikisiki. Nyuma tu ya kano hiyo unapita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, na juu kidogo, ndani ya tundu la fuvu, ndipo shina la ubongo linapoanza, nalo ndilo linaloendesha kumeza, sauti, pumzi na mapigo ya moyo. Ndiyo maana mama anapaliwa.

Baridi yabisi hula mambo mawili mahali hapo. Huila ile kamba, mlingoti ukaanza kucheza mbele na nyuma kila anapoinama, na hapo ndipo umeme ule unapotoka. Kisha huvila viungo vya pembeni vilivyobeba uzito wa kichwa, na vikishalika, fuvu pamoja na pete hushuka. Hili ndilo ningependa mama alishike kuliko yote: si mfupa uliokua kwenda juu, bali ni kichwa kilichoshuka juu ya mfupa. Ripoti huandika kwamba kijino kimepanda kwa sababu picha inaonyesha hivyo, lakini kilichotokea hasa ni kuzama kwa fuvu.

Ukishalitazama hivyo, utaona kwa nini daktari anataka kwenda nyuma. Akikikata kijino kwa mbele na kuacha mengine kama yalivyo, amekiondoa kinachobana leo, lakini kamba bado imekatika na kichwa bado kinazama. Akiingia kwa nyuma, anaweza kukinyanyua kichwa, kukirudisha mahali pake na kukifunga hapo kwa skrubu, fito za titani na vipande vya mfupa, ambavyo aghalabu huchukuliwa nyongani kwa mgonjwa mwenyewe, ili baada ya miezi mifupa iote na kuwa kitu kimoja. Vyuma hushikilia tu wakati mifupa inaungana. Kile kinyama kilichoota nyuma ya kijino nacho kimetokana na msuguano na uvimbe wa maradhi yenyewe. Mtikisiko ukikoma, mara nyingi hunywea chenyewe katika miezi inayofuata bila kuguswa na kisu. Nimewahi kuziweka picha mbili za mgonjwa mmoja kwenye kioo cha taa, ya kabla ya operesheni na ya mwaka mmoja baadaye, na lile doa la kijivu lililokuwa limeliinamisha shina la ubongo halikuwapo tena.

Sasa, binamu yako hakukosea. Njia ya mdomoni ipo na ni ya zamani. Allen Kanavel wa Chicago aliitumia mwaka 1917 kutoa risasi iliyokwama mahali hapo, na katika miaka ya 1980 Alan Crockard wa London aliiendeleza sana kwa wagonjwa wa baridi yabisi kama mama. Daktari hupasua ukuta wa nyuma wa koo na kukisaga kijino kwa keekee ndogo sana. Tangu mwaka 2005 wapo wanaopitia puani kwa kamera nyembamba ya endoskopu, na faida yake ni kwamba kaakaa na ulimi haviumizwi, kwa hiyo mgonjwa huwahi kumeza. Lakini njia hizi mbili hupita mahali penye vijidudu vingi, na utando wa ubongo ukitoboka kwa bahati mbaya, maji ya ubongo huvuja kooni na homa ya uti wa mgongo huweza kufuata. Tena hata baada ya kijino kuondolewa, kwa kawaida mgonjwa hulazimika kugeuzwa na kufungwa vyuma kwa nyuma vilevile, kwa sababu shingo imebaki bila mlingoti.

Kinachoamua njia ni maswali mawili, na mpangilio huu umeenezwa zaidi na Arnold Menezes wa Iowa, Marekani. Je, mfupa unarudi mahali pake ukivutwa au shingo ikikunjuliwa, au umekwisha kuganda? Na je, ubanaji uko mbele au nyuma? Ukirudi, hufungwa kwa nyuma na mambo yakaishia hapo. Ukiwa umeganda na unabana kwa mbele, ndipo njia ya mdomoni au puani inapofikiriwa. Hata hapo mambo yamebadilika, kwa sababu Atul Goel wa Mumbai alieleza mwaka 2004 namna ya kuvifungua kwa nyuma vile viungo vya pembeni kati ya pingili ya kwanza na ya pili, kuvipanua, kuweka kabari ndani yake na kukaza skrubu, na kijino kikashuka. Wagonjwa wengi ambao zamani wangepasuliwa mdomoni sasa hawafiki huko.

Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wako ni hili: je, mfupa wa mama unarudi, na umejuaje? Huweza kulijua kwa picha za eksirei zinazopigwa mgonjwa akiwa ameinama kidogo na ameinua kidogo, akiwapo daktari, au kwa kumvuta kichwa kwa uzito wa kilo chache akiwa amelazwa na kuchunguzwa kila saa. Kuvuta huku ni kazi ya hospitali peke yake. Mkandaji asiiguse tena shingo hiyo, wala mtu mwingine yeyote asiiguse, hata kwa mafuta.

Kwa ndugu yetu wa Makunduchi, nafurahi kwamba umepona, na nasaha yako umeitoa kwa nia njema, lakini maradhi yako na ya huyu mama hayafanani ila kwa mahali. Kwa maelezo yako, wewe ulikuwa na hali iliyoelezwa na Hans Chiari mwaka 1891, ambapo ndimi za ubongo mdogo wa nyuma huteremka kupita tundu la fuvu, kwa kawaida milimita 5 au zaidi, zikabana kwa nyuma. Kwako mifupa ilikuwa imara na kilichokosekana ni nafasi, ndiyo maana kupanua kulitosha. Ukimpanua huyu mama bila kumfunga, unamwondolea mfupa wa nyuma mtu ambaye wa mbele umeshalegea, na hali yake inaweza kuharibika zaidi.

Mwana wa Makunduchi

Nimeelewa, daktari, na namwomba dada asiufuate ushauri wangu wa mwanzo kuhusu vyuma. Sikuwa najua kwamba mahali pamoja panaweza kubanwa kwa sababu mbili zinazotaka tiba mbili tofauti.

Bint Gando

Nimemsomea mama maelezo yote usiku, na pale pa mlingoti alinisimamisha akataka nirudie. Baba yake alikuwa na dau. Maswali yake ni haya: hatari ni zipi, na akikataa itakuwaje? Ameniambia nisimfiche.

Daktari wa Kikwajuni

Hatari kubwa katika mikono ya mpasuaji ni mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya matundu ya pingili za shingo na kujipinda juu ya pete ya kwanza kabla ya kuingia fuvuni. Skrubu hupita milimita chache tu kutoka kwenye mishipa hiyo, na kwa watu wengine mmoja wao umekaa juu kuliko kawaida, mahali ambapo skrubu ingepita. Ndiyo sababu hupigwa picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa kabla ya operesheni. Muulize kama mama ameshapigwa. Mshipa ukijeruhiwa, kiharusi kinaweza kutokea. Ugwe wenyewe unaweza kuumia. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu, hasa kwa anayetumia vidonge vya steroidi au dawa za kupunguza kinga, kwa hiyo orodha ya dawa zake zote ipelekwe, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu steroidi zikikatwa ghafla mwili huweza kuanguka. Mifupa inaweza isiungane, vyuma vikalegea. Na kwa operesheni ya mahali hapa, kifo ni jambo linalowezekana. Mama ameuliza, kwa hiyo ninalisema.

Kuhusu kukataa, ugonjwa huu ukishafika kwenye dalili za miguu na mikono haurudi nyuma wenyewe. Madaktari huwapanga wagonjwa wa namna hii kwa ngazi alizoziandika Ranawat mwaka 1979, na mpaka mkubwa ndani yake ni kati ya udhaifu wa mtu ambaye bado anatembea na wa yule aliyeacha kutembea. Wanaopasuliwa wakiwa bado wanatembea hunufaika zaidi. Waliokwisha lala kitandani hufanyiwa pia, lakini faida hupungua na hatari huongezeka. Mama bado anatembea. Lengo la kwanza la operesheni ni kuuzuia ubanaji usiendelee, na kinachorudi juu ya hapo ni cha kushukuru. Maumivu ya kisogo huwa ya kwanza kupungua. Ganzi ya vidole ndiyo inayochelewa, na siwezi kumwahidi sindano.

Mtoa Nusukaputi, Chake

Nisalimie mama, Bint Gando. Nimewalaza watu usingizi wa operesheni kwa miaka mingi, na ninaongeza upande ambao familia hawauoni. Kwa kawaida, tunapomweka mtu mpira wa kupumulia, tunakiinua kichwa chake nyuma ili koo lionekane. Kwa mama, kukiinua hivyo ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo mara nyingi mgonjwa wa namna hii huwekewa mpira akiwa macho, koo limetiwa ganzi kwa dawa ya kupuliza, kwa kutumia kamera nyembamba inayopinda, na huombwa achezeshe vidole vya mikono na miguu kabla ya kulazwa kabisa na kugeuzwa kifudifudi. Mwelezeni mapema, asije akadhani wamesahau kumlaza. Baridi yabisi pia hukikaza kiungo cha taya, basi mpimeni nyumbani: je, vidole vitatu vilivyosimamishwa vinaingia kinywani? Jibu lake mpeni mtoa nusukaputi.

Ulizeni kama kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi kimeshatengwa, kwa sababu anayepaliwa kabla ya operesheni huenda asiweze kuondolewa mpira siku hiyo hiyo, na asilishwe kwa mdomo mpaka kumeza kwake kupimwe. Kwa sasa akae na kola ngumu ya shingo, na maji anywe kwa kijiko, ameketi wima. Safari nayo ni jambo. Kutoka Wete hadi bandari ya Mkoani, dereva aambiwe mapema apite matuta taratibu, na kwenye boti aketi sehemu ya kati, chini, ambako hakurushwi sana, nanyi msichague siku ya kusi kali ikiwa tarehe inaweza kusogezwa. Mkononi chukueni barua inayosema wazi kwamba shingo yake haijakaa imara, ili mtu asije akamnyanyua kwa kumvuta mabega.

Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo tangu 2014, iliyoanzishwa pamoja na wakfu wa NED wa Hispania, na ng'ambo, Dar es Salaam, kuna MOI, yaani taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mwulizeni daktari wenu waziwazi ni wapi operesheni ya aina hii hasa itafanyika, na ni nani kati yao aliyeizoea.

Bint Gando

Tumerudi jana. Nilikwenda na maswali niliyoyaandika kwenye daftari, na daktari aliyajibu yote mbele ya mama, wala hakuona vibaya. Picha ya kuinama na kuinua imeonyesha kwamba mfupa unarudi, si wote, lakini unarudi. Kwa hiyo ataingia kwa nyuma tu, na mdomoni hawatagusa isipokuwa picha ya baada ya miezi ionyeshe kwamba bado pamebana. CT ya mishipa imeshapigwa, na mshipa wa kushoto umekaa juu. Upande huo atatumia skrubu fupi inayopita mahali pengine. Vidole vitatu havikuingia, viliingia viwili, na mtoa nusukaputi wa huko alishukuru kuambiwa.

Mama alikuwa na swali lake ambalo hakuniambia. Aliuliza ataswali vipi. Daktari alimwambia kwamba karibu nusu ya kugeuza shingo kulia na kushoto hutoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili, na hiyo itaondoka moja kwa moja. Na kwa kuwa fuvu nalo litafungwa, kuitikia kwa kichwa nako kutapungua sana. Rukuu na sijda atazifanya kwa ishara akiwa kitini, hilo alilijua. Kilichomsumbua ni salamu ya mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akatia saini, kwa kidole gumba na kalamu vyote viwili, kwa sababu kalamu haimtulii tena mkononi.

Leo baada ya alasiri nimemwona kwenye kiti chake, kola iko shingoni, anatoa salamu kwa kugeuza mabega yote, kulia kwanza, halafu kushoto, taratibu. Operesheni ni Jumatatu ya wiki ijayo. Nitaandika hapa tukitoka.